Mkorogo wa Kompyuta

Majira ya harusi yanakaribia, na kila mwaka wakati kama huu simu zetu hujaa maombi ya aina moja: "Wewe si unasoma chuo, unajua kompyuta? Hebu nitengenezee kadi." Anayeomba huwa mama anayepika pilau ya shughuli, au dada anayesuka nywele sebuleni kwake, au kaka mwenye kamera anayetafuta kazi ya kupiga picha za harusi. Hataki bango wala tovuti. Anataka kadi ndogo ya kumpa mtu mkononi, yenye picha, jina na namba ya simu.

Basi toleo hili tunaeleza namna ya kutengeneza kadi ya tangazo kwa programu ya kuhariri picha, tangu picha inapopigwa mpaka kadi inapotoka kwa mpiga chapa. Lakini kuna jambo tunataka likae akilini mwako muda wote unaposoma. Kadi nzuri ni ile inayomfikisha mteja kwa mtu yule yule aliyemwona kwenye picha, mahali pale pale, saa ile ile. Mengi tunayoyafanya kwenye kompyuta, tena kwa nia njema, huharibu ukweli huo. Na kinachoharibika mapema zaidi ni uso.

KWA NINI KADI, HAPA STERLING

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: katika zama hizi za WhatsApp, kadi ya karatasi ya nini? Anayeuliza hivyo hajaishi Sterling. Mji wetu umetandazwa kando ya barabara ya 7 na ya 28, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Dulles. Hakuna soko la katikati ambalo kila mtu hupita, kama Kariakoo ya Dar es Salaam au Marikiti ya Mombasa. Watu wetu hukutana vipande vipande: msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, kwenye duka la nyama ya halali, saluni, msibani. Kila kundi lina WhatsApp yake, na tangazo la kundi moja haliendi kwa jingine. Kadi huenda. Mtu huichukua kaunta, akaitia kwenye pochi, na miezi mitatu baadaye dada yake wa Herndon au wa Woodbridge akitafuta mpishi, kadi inatoka.

Tena kwetu kadi ina heshima yake. Harusi ya Dar es Salaam huanza na kadi ya mchango, kisha ndipo ije kadi ya mwaliko, ambayo huonyesha kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, na mlangoni huulizwa. Wazazi wetu waliokulia huko hawaitazami kadi kama karatasi tu. Wanaisoma mbele na nyuma, wanaangalia jina limeandikwaje, wanaiweka kabatini. Kwa hiyo kadi mbaya kwao haiishii kuwa tangazo lililoshindwa. Ni dharau kidogo kwa anayepewa, na aibu kwa mwenye jina.

ANZA NA KANGA

Kabla hujafungua kompyuta, fungua kabati la mama utoe kanga, uitandaze kitandani. Ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno. Angalia jina lilivyo. Ni fupi, mara nyingi kwa herufi kubwa, kwa kawaida mstari mmoja tu. Limepewa kisanduku chake, hakuna ua linalopita juu yake. Aliyechora kanga alijua kwamba itasomwa na mtu anayepita, mgongoni mwa mtu anayetembea.

Kanga ilijua kujitangaza kabla ya kompyuta. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, limechapa kwenye kanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Kila aliyejifunga kanga hiyo alitembea na kadi ya duka mwilini.

Kadi yako nayo ipange hivyo hivyo. Pindo ni nafasi tupu kwenye kingo, usiijaze. Mji ni picha moja: uso wa mwenye kazi, au kazi yake, kwa mfano sinia la pilau au kichwa kilichosukwa. Jina ni maneno machache yaliyopewa mahali pao. Kadi nyingi tunazoletewa tuzirekebishe zina picha sita, fonti nne na maua pande zote. Jicho halijui litue wapi, kwa sababu kadi haina mji.

VIPIMO, PIKSELI NA MAKALI YA MPIGA CHAPA

Sasa washa kompyuta. Swali la kwanza ambalo programu itakuuliza ni ukubwa, na wengi huruka hapo. Usiruke.

Kadi ya biashara ya Marekani ina upana wa inchi 3.5 na urefu wa inchi 2. Ukichukua kiolezo kilichotengenezwa Nairobi au Dar es Salaam, huenda kimepimwa kwa milimita na hakitalingana. Kadi kubwa kidogo, ile ya kutuma kwa posta, hapa huwa inchi 4 kwa 6. Kama mwenye kazi anataka kuituma kwa stempu ya bei ya postikadi, kumbuka kwamba Posta ya Marekani huihesabu kuwa postikadi ikiwa haizidi inchi 4.25 kwa 6 na haipungui 3.5 kwa 5. Ikizidi hapo, atalipia bei ya barua.

Pikseli ni vile vitone vidogo vinavyounda picha. Karatasini tunahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Piga hesabu: kadi ya inchi 3.5 kwa 2 inataka pikseli 1050 kwa 600, na ya inchi 4 kwa 6 inataka 1200 kwa 1800. Kwenye kioo cha simu picha yenye pikseli chache huweza kuonekana safi, halafu karatasini ikatoka na ukungu. Ndiyo maana usikubali picha iliyopitia WhatsApp mara tano, wala picha ya kioo iliyokatwa kutoka hali ya mtu. WhatsApp hupunguza picha ili isafiri haraka. Mwambie mwenye kazi aitume kama faili, au, kama mnaishi karibu, nenda kwake ukaichukue mwenyewe. Utapewa na chai.

Jambo la tatu ni makali. Mpiga chapa hukata kadi nyingi kwa pamoja, na rundo linaweza kusogea kidogo kisu kinaposhuka. Kwa hiyo, kama rangi au picha inafika ukingoni, iongeze itoke nje kwa thumuni ya inchi kila upande. Kadi ya inchi 4 kwa 6 utaifungua kwenye kompyuta ikiwa 4.25 kwa 6.25, sawa na pikseli 1275 kwa 1875. Ile ziada itakatwa. Usipoiweka, kadi nyingine zitatoka na mstari mweupe upande mmoja. Na maneno yawe ndani, angalau thumuni ya inchi kutoka kwenye mkato, la sivyo namba ya simu itapoteza tarakimu ya mwisho. Kadi bila namba ni kazi bure.

Halafu fanya kazi kwa matabaka. Programu hizi hukuruhusu kuweka picha kwenye tabaka la chini, rangi juu yake, maneno juu kabisa, kila kimoja peke yake. Hifadhi faili yenye matabaka yake yote, hata baada ya kadi kuchapwa. Mwenye kazi atabadilisha namba ya simu, na siku hiyo utafurahi.

USO

Tufike kwenye kiini. Msimu uliopita, mama mmoja wa hapa Sterling, mpishi wa shughuli, aliagiza kadi 500 kwenye duka moja la uchapaji. Alipeleka picha yake nzuri: amesimama jikoni, dirisha nyuma yake, amevaa kitenge cha bluu, anatabasamu. Kadi zilipotoka, kitenge kilionekana na dirisha lilionekana, lakini uso ulikuwa kivuli chenye meno. Akazirudisha. Dukani wakamwambia hamna shida, tutamng'arisha. Kundi la pili lilitoka na mwanamke mweupe kama unga wa sembe, bila mstari hata mmoja usoni, mwenye midomo ya waridi.

Tulimkuta nyumbani kwake na maboksi mawili mezani. Tukamsalimu, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba wanangu," kisha akatupa kadi mbili, moja ya kila boksi. "Ya kwanza imenificha, ya pili imenichubua. Sasa mtu akija hapa mlangoni nikimfungulia, si ataniuliza mwenye kadi yuko wapi?"

Hakuwa anatania. Kwetu neno mkorogo halihitaji maelezo: ni ule mchanganyiko wa krimu za kujichubua unaouzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Kenya, Tanzania na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya kuchubua vyenye zebaki, na bado vinapatikana. Mama huyu hajawahi kupaka mkorogo maisha yake yote. Akaja kupakwa na kompyuta, tena akalipishwa.

Kwa nini hutokea hivi? Sababu zipo tatu, na ukizijua utaweza kuzizuia.

Ya kwanza ni kamera. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani. Ukimsimamisha mtu mbele ya dirisha au ukuta mweupe, kamera huona mwanga mwingi, inapunguza, na uso mweusi unazama. Hili linaanza kabla hujagusa programu yoyote.

Ya pili ni historia. Kwa miaka mingi Kodak ilipeleka kwa maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaiita kadi ya Shirley kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ngozi yetu haikuwa kwenye kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu aliyekuwa amealikwa Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak huko, akisema imebagua watu weusi. Kodak yenyewe iliboresha filamu zake baadaye, na mojawapo ya misukumo ilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliotaka hudhurungi za bidhaa zao zitofautiane. Kadi ya kupimia yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kamera za simu zimepiga hatua tangu hapo. Google, kwa mfano, ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza kwamba imeirekebisha kamera yake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Lakini vichujio vingi vya urembo bado vinadhani kupendeza ni kuwa mweupe zaidi.

Ya tatu ni wino. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, kwa nyekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga, husubiri mwanga wa chumba uigonge. Mashine ya kuchapa hutumia wino za rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Wino ukigusa karatasi huenea kidogo, kila kitone kinanenepa, na sehemu zenye giza huzidi kuwa giza. Uso mweusi, ambao uzuri wake wote uko kwenye tofauti ndogo ndogo za hudhurungi, ndio unaoumia zaidi. Karatasi isiyong'aa hunywa wino zaidi na kuongeza tatizo. Rangi kali za kitenge nazo hupungua makali, hasa bluu, kijani na chungwa zile zinazowaka kwenye simu. Mwambie mwenye kazi mapema, asije akadhani umempunja.

Dawa yake ni hii. Piga picha upya ikiwezekana. Mweke mtu akitazama dirisha, au dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma. Nyuma yake pawe na rangi ya wastani, kwa mfano pazia la kijani au ukuta wa udongo. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole ili kamera ipime hapo. Picha ikipigwa hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha, kwenye programu, rudufisha tabaka la picha ili ya asili ibaki salama. Kwenye nakala, fungua kifaa kiitwacho Curves, ambacho kipo katika Photoshop na katika GIMP pia. Utaona mstari ulionyooka kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Upande wa kushoto ni vivuli, upande wa kulia ni mwanga. Ushike mstari kwenye robo ya kwanza, uinue kidogo tu, na usiiguse ncha ya kulia. Mashavu yataanza kuonekana, macho yatafunguka, mstari wa taya utatokea. Mama huyo ana kovu dogo juu ya nyusi, nalo likarudi. Usilifute.

Tofauti kati ya kuinua vivuli na kupaka mkorogo ni hii: ukiinua vivuli, unaona zaidi ya kile kilichokuwepo, yaani mikunjo, kovu, vinyweleo. Ukipaka mkorogo, unaona pungufu. Kila kifaa kinachofuta kitu usoni kishukie. Na ukiona ngozi inageuka kijivu, umevuka mpaka, rudi nyuma. Mwisho weka picha ya asili kando, mwite mtu anayemjua mwenye picha, hasa mtoto mdogo, umuulize ni nani huyu. Akisita, kazi haijaisha.

MANENO

Uso ukishakaa sawa, mteja anahitaji kujua afike lini na kwa lugha gani. Hapa sisi tuliokulia Marekani tuna mtihani wetu.

Kuna suala la saa. Ukiandika "saa 7 jioni" ukimaanisha 7:00 PM, umetafsiri Kiingereza, hujaandika Kiswahili. Bibi atakayesoma anajua kwamba saa 7 ni mchana, baada ya adhuhuri, na neno jioni litamchanganya. Saa hiyo kwa Kiswahili ni saa 1 usiku. Lakini binamu yako aliyezaliwa Fairfax akisoma "saa 1 usiku" atafikiri ni usiku wa manane. Kwa hiyo kadi ya watu wetu hapa iandike zote mbili: "Saa 1 usiku, 7:00 PM." Mstari mmoja, na hakuna atakayefika ukumbi ukiwa umefungwa.

Kuna tarehe. Hapa Marekani 6/12 ni Juni 12, na nyumbani 6/12 ni Desemba 6. Andika jina la mwezi. Namba ya simu iandike na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, +1, kwa sababu kadi itapigwa picha itumwe Mombasa, na mjomba wa huko anaweza kuwa ndiye anayelipia chakula cha harusi.

Kuna kompyuta inayojidai kujua. Programu isiyojua Kiswahili huweka mstari mwekundu chini ya kila neno, na ikiwa umeiruhusu kurekebisha yenyewe, unaweza kukuta umemkaribisha mgeni kwa jina la mnyama wa Kanada, "caribou". Zima urekebishaji huo kabla ya kuanza. Pia angalia neno linapokatwa mwishoni mwa mstari. Silabi za Kiswahili nyingi huishia na irabu, kwa hiyo neno likatwe baada ya irabu: kari-buni, wala si karib-uni. Bora zaidi usikate kabisa, punguza maneno. Na ukiandika ng'ombe, kile kialama cha juu kisipotee. Fonti nyingine za mapambo hazina, au zinakiweka mbali mpaka neno linakuwa mawili.

Halafu kuna swali la lugha ipi itangulie. Wapo wanaoweka Kiingereza mbele kwa herufi kubwa na Kiswahili chini kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Tunashauri upande mmoja uwe wa Kiswahili kamili na wa pili wa Kiingereza kamili, kwa ukubwa sawa. Kiswahili hakitakunyima nafasi. Neno "karibuni" peke yake linatosha mahali ambapo Kiingereza kinahitaji sentensi. Kadi ya mama yule, upande wa Kiswahili, ilimalizika hivi:

PILAU, BIRIANI, SAMBUSA
Harusi, maulidi, ubatizo, hitma
Agiza wiki moja kabla

Maneno 11. Mteja anajua anauziwa nini, kwa shughuli gani, na apige simu lini. Neno hitma tuliliweka kwa ombi lake. Alisema watu wakifiwa hawana nguvu ya kutafuta mpishi, na wakiliona neno hilo watajua anaelewa shughuli yenyewe. Hakuna kiolezo cha kompyuta ambacho kingelifikiria hilo.

PROGRAMU IPI?

Tunaulizwa sana kama ni lazima kununua Photoshop. Si lazima. Photoshop yenyewe ilianzia kwa mwanafunzi: Thomas Knoll alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan alipoanza kuiandika, akishirikiana na ndugu yake John, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1990. Leo hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, lakini vyuo vingi huwapa wanafunzi wake bure au kwenye maabara ya kompyuta, kwa hiyo uliza kwenu kabla ya kutoa pesa. GIMP ni ya bure kabisa, nayo iliandikwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990. Photopea hufunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu, inafanana sana na Photoshop, na inafungua faili zake. Yote tuliyoyaeleza hapo juu yanafanyika katika programu yoyote kati ya hizo tatu.

Angalizo moja: programu za kuhariri picha ni hodari kwa picha, si kwa maneno madogo. Herufi zikigeuzwa kuwa pikseli hupoteza makali. Acha maneno yabaki kwenye tabaka lake la maandishi, na ukimaliza hifadhi nakala ya PDF kwa ajili ya mpiga chapa. Muulize kabla: anataka rangi za kioo au rangi nne za wino? Wengine hubadilisha wenyewe, na hapo ndipo uso unapozama bila wewe kujua. Photoshop ina uwezo wa kukuonyesha kwenye kioo jinsi rangi zitakavyokuwa karatasini. Itumie, lakini usiiamini kuliko karatasi yenyewe.

KABLA YA KULIPA

Omba kadi moja ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Duka likikataa, tafuta duka jingine. Ukiipata, usiitazame chini ya taa za dukani tu. Toka nje nayo, kisha iingize ndani ya gari, kisha ipeleke jikoni usiku, maana huko ndiko itakakosomwa. Piga ile namba ya simu usikie inaita wapi. Kama kuna msimbo wa QR, uusome kwa simu ya zamani, si kwa simu yako mpya. Uwe mweusi juu ya nyeupe, na uachiwe nafasi tupu pande zote.

Mwisho mpe mzee aisome kwa sauti. Atakapokwama, pana kosa. Akiuliza "huyu nani?" rudi kwenye vivuli. Akiisoma mpaka mwisho kisha akaitia mfukoni badala ya kukurudishia, agiza 500.

Toleo lijalo tutaongea juu ya kurekodi sauti za wazee kwa simu bila kelele za feni. Mwenye kadi aliyoitengeneza mwenyewe na atuletee kwenye mkutano wa klabu, tuipitie pamoja. Karibuni.